Mtoto Akisema: "Mama, Nataka Kuwa Mchezaji"



Juma hili tunazungumza juu ya ulizo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za kwetu. Mtoto anarudi kutoka kiwanjani, miguu imejaa vumbi, hata maji hajanywa, anasema: "Mama, mimi nitakuwa mchezaji wa kulipwa." Wavulana walisema hivyo tangu zamani. Wamekua na jina la TP Mazembe masikioni, timu ya Lubumbashi iliyochukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Jambo jipya ni kwamba wasichana nao wanasema. Mwezi wa 11 mwaka 2024, wanawake wa Mazembe walikwenda Maroko, wakaipiga AS FAR katika fainali bao 1 kwa 0, mbele ya watu wa AS FAR wenyewe, wakarudi na kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake. Tangu siku ile, msichana wa kalasi ya sita ambaye kazi yake ilikuwa kushika nguo za kaka zake kando ya kiwanja anauliza: "Na mimi je?"

Sisi mama tunajibu kwa namna mbili. Wengine wanasema: "Mpira hauingii katika sufuria. Kamata ndoo, nenda kwa maji." Wengine wanafurahi kupita kiasi. Wanaona mtoto amekwisha kuwa tajiri, wanaacha kulipa shule, wanauza mbuzi ili kumlipa mtu aliyeahidi kumpeleka mbali. Tunawajua mama wa namna zote mbili, na wote wanapenda watoto wao. Lakini sisi tunaofundisha tunaona mwisho wa njia hizo. Ya kwanza inamvunja mtoto moyo, na mara nyingi anaanza kucheza kwa kujificha. Ya pili inamwacha na miaka 20 bila diploma na bila timu.

Iko njia ya tatu. Ili isiwe maneno ya mwalimu tu, tuangalie maisha ya wachezaji wawili wa nchi yetu, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, waliofika mbali kabisa. Wote wawili walicheza basketi, ule mpira wa kikapu. Tuhesabu pamoja: walianza na nini, walicheza miaka mingapi, na kitu gani kilibaki baada ya mpira.

Kijana aliyetaka kuwa daktari

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 1966. Baba yake, Samuel, alikuwa mtu wa shule. Mama yake aliitwa Biamba Marie, na jina hilo tutalikuta tena mbele. Dikembe alirefuka mpaka meta 2 na santimeta 18. Mtu akimwona katika picha anafikiri kwamba mtoto wa urefu huo alipewa mpira wa basketi tangu anatambaa. Sivyo. Kwanza alicheza mpira wa miguu kama watoto wote wa mtaa. Basketi aliianza akiwa kijana mkubwa, na watu wa nyumbani ndio waliomsukuma. Wakati huo alikuwa anasoma katika Koleji Boboto, hapo Kinshasa.

Mwaka 1987 alipata bursi ya Serikali ya Marekani, akaenda katika chuo kikuu cha Georgetown, katika mji wa Washington. Hapa tusikilize vizuri. Bursi ile ilikuwa ya masomo. Alikwenda na shabaha ya kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakucheza hata mchezo mmoja katika timu ya chuo. Alikuwa bado anajifunza Kiingereza. Ni kocha wa chuo, John Thompson, aliyemwingiza katika timu yake. Basketi ilipoanza kuchukua nafasi kubwa, Dikembe alibadilisha masomo, lakini hakuyaacha. Mwaka 1991 alipata diploma ya chuo kikuu katika lugha na diplomasia. Mwaka ule ule timu ya Denver ilimchukua, akawa wa 4 kuchaguliwa kati ya vijana wote walioingia mwaka huo katika NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani.

Mama, angalieni mfuatano huo. Diploma ilitangulia, mkataba ukafuata. Kama goti lake lingevunjika siku moja kabla ya kutia mkono kwenye mkataba, angebaki mtu mwenye kazi.

Alicheza miaka 18, katika timu 6. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Wengine walisifiwa kwa kuingiza mpira katika kikapu. Yeye alisifiwa kwa kuukataza usiingie. Akishaupiga chini, alitikisa kidole kimoja, kama mama anayemwambia mtoto: "Hapana, hapa kwangu hapana." Alizuia mipira 3,289, na katika hesabu ya NBA ni mtu mmoja tu aliyemzidi, Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Mara 4 alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima: mwaka 1995, 1997, 1998 na 2001. Lakini kombe la ubingwa wa NBA hakulichukua hata mara moja. Alifika fainali mwaka 2001 na tena mwaka 2003, na mara zote mbili timu yake ilishindwa. Tunalisema hili kwa sababu watoto wetu wanafikiri mchezaji mkubwa ni yule anayeshinda kila siku. Mutombo alishindwa mbele ya dunia nzima, na kesho yake akarudi kazini.

Mwisho wake ulikuja mwezi wa 4 mwaka 2009. Alikuwa na miaka 42, katika timu ya Houston. Wakicheza na Portland, goti liliharibika, akatolewa uwanjani akiwa amebebwa. Alijua palepale kwamba imekwisha. Kazi ya miaka 18 ilifungwa kwa dakika moja.

Jina la mama juu ya mlango

Sasa tuulize ulizo la tatu: kitu gani kilibaki?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mtoto wake alikuwa anajulikana dunia nzima, mama Biamba Marie aliugua nyumbani Kinshasa. Ulikuwa wakati wa vita. Njia zilifungwa, hakuweza kufikishwa hospitali. Alikufa. Kila mmoja wetu aliyewahi kubeba mgonjwa usiku, kwa kinga au mgongoni, anaelewa uchungu huo bila kuelezwa. Mtoto alikuwa na pesa, alikuwa na jina, lakini pesa na jina vilikuwa Marekani, na mama alikuwa Kinshasa.

Mwaka 1997 Mutombo alikuwa ameanzisha shirika la kusaidia watu wa Kongo. Baada ya kifo cha mama alishikilia kazi moja: kujenga hospitali. Ilichukua miaka mingi. Gharama ilifika karibu dola milioni 29, na zaidi ya nusu, karibu milioni 15, ilitoka katika mfuko wake mwenyewe. Hospitali hiyo iko Masina, Kinshasa, mtaa wa watu wa kawaida. Ina vitanda 300, na ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Inaitwa Hospitali Biamba Marie Mutombo.

Miaka kadhaa baadaye akajenga pia shule karibu na Mbuji-Mayi, akaipa jina la baba yake. Kwa hiyo mama ana hospitali na baba ana shule. Mutombo mwenyewe aliaga dunia tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2024, kwa ugonjwa wa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 58. Mipira 3,289 aliyoizuia iko katika vitabu vya hesabu. Lakini leo asubuhi, mwanamke wa Masina ambaye hajui hata kanuni moja ya basketi ameingia katika ule mlango na mtoto mgongoni.

Fedha za kujenga zilitoka katika mpira. Lakini kujua namna ya kuzungumza na wakubwa wa nchi, kuandika mipango, kuomba misaada kwa lugha mbalimbali na kuingoja kazi ndefu bila kuchoka, hayo hayatoki katika kikapu. Mtu huyo alisoma.

Msichana wa Zaire

Mama atasema: "Huyo ni mwanaume. Na msichana wangu?" Basi tumtazame Mwadi Mabika.

Mwaka 1996 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Atlanta, Marekani. Timu ya basketi ya wanawake ya nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ilikuwa huko. Walikuwa wamechukua ubingwa wa Afrika mwaka 1994. Lakini nchi ilikuwa katika taabu, na fedha za timu hazikutosha. Ni Mutombo aliyelipa nguo zao za kuchezea na gharama zao. Uwanjani mambo yalikuwa magumu: walishindwa michezo yote. Wanawake wa Marekani waliwapiga pointi 107 kwa 47.

Katika timu ile alikuwamo msichana wa Kinshasa, aliyetimiza miaka 20 katikati ya michezo hiyo. Ndiye Mwadi Mabika. Mtu angeweza kusema: hawa wameshindwa vibaya, warudi nyumbani wakapike. Lakini mwaka uliofuata, 1997, Marekani ilianzisha WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, na Mwadi aliingia tangu mwaka wa kwanza, katika timu ya Los Angeles Sparks. Alikaa huko mpaka mwaka 2007. Timu yake ilichukua ubingwa mwaka 2001, ikauchukua tena mwaka 2002. Mwaka 2000 na mwaka 2002 alichaguliwa kucheza katika mchezo wa nyota wote wa ligi. Mwaka 2008 alicheza Houston, katika timu iliyoitwa Comets, na mwisho wa mwaka huo timu yenyewe ikafungwa kabisa.

Kwa hiyo miaka 12. Ni kazi ndefu na ya heshima. Lakini tusidanganye watoto. Mishahara ya wanawake katika ligi ile ilikuwa midogo sana ukiilinganisha na ya wanaume, na msimu ulikuwa wa miezi michache tu. Wachezaji wengi walikwenda kucheza Ulaya ama Asia katika miezi mingine ili kuongeza. Na mwaka ule Comets ilipofungwa, wachezaji wake walijikuta bila timu, ijapokuwa Comets ilikuwa imechukua ubingwa mara nne za kwanza za ligi hiyo.

Tuhesabu ubaoni

Sasa tufanye hesabu kama tulivyozoea kalasini. Tuseme mtoto ana miaka 12 leo. Tuseme ana bahati, ana mwili mzuri, hajavunjika mguu, na akiwa na miaka 20 anapata mkataba wa kwanza. Tuseme anacheza mpaka miaka 33, na hapo ni mtu mwenye bahati. Ni miaka 13 ya mshahara. Mungu akimpa kufika miaka 70, zinabaki 37 baada ya mpira. Kwa miaka hiyo 37 atakula nini? Atajua kusoma mkataba wa nyumba aliyonunua? Atajua kuhesabu kama ndugu anayemshikia pesa anamwibia?

Na si kila mchezo unalipa kama basketi ya wanaume. Kuna mchezo unaitwa lakrosi, ambao hapa kwetu hatujauona. Wachezaji wanashika fimbo yenye wavu kwenye ncha, wanakamata na kutupa mpira mdogo kwa fimbo hizo. Wenyeji wa kwanza wa Amerika ya Kaskazini ndio waliouanzisha. Afrika nayo imeingia: Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya bara letu kupeleka timu katika kombe la dunia la lakrosi, mwaka 2014, kule Denver, mji ule ule ambako Mutombo alianza kulipwa. Marekani na Kanada kuna ligi za kulipwa za mchezo huo. Hata hivyo, wachezaji wengi wa ligi hizo wamekuwa watu wenye kazi nyingine: walimu, polisi, wazima moto. Siku za juma wanafanya kazi, mwisho wa juma wanapanda ndege kwenda kucheza. Kama mchezaji wa kulipwa wa nchi tajiri anashika chaki siku ya kwanza asubuhi, mtoto wetu wa Kapolowe hawezi kuona haya kushika kaye.

Basi mama afanye nini?

Tunapendekeza mambo matano. Hatusemi ni rahisi.

La kwanza, mwache acheze, na msichana pia. Msichana wetu anaamka, anachota maji, anafagia, anaenda shule, anarudi, anapeleka samaki sokoni, anabeba mdogo wake. Saa ya kucheza hapati. Kaka yake anaipata. Tukigawanya kazi za nyumbani kwa watoto wote, wavulana na wasichana, saa moja itapatikana bila mtu kufa njaa. Na wale wanaosema msichana akicheza mpira hatazaa, wanatisha watoto bure. Wachezaji wengi wakubwa wa dunia ni mama.

La pili, shule isikatwe. Tunajua shule ya msingi ni bure tangu mwaka 2019, na tunajua pia kwamba sekondari bado inalipwa, na hapo ndipo watoto wengi wanaanguka. Kama kocha ameweka mazoezi saa za masomo, nendeni mama wawili ama watatu mkazungumze naye kwa heshima. Kocha mwema atabadilisha saa. Akikataa, mmekwisha kujua ni kocha wa namna gani.

La tatu, tengenezeni karatasi. Mtoto akizaliwa, kumwandikisha kwa Serikali ni bure katika siku 90 za kwanza. Wengi tunaacha siku zinapita, na miaka 15 baadaye tunakimbia huku na huku kutafuta cheti. Tena kuna watu wanaosema: "Mama, tukate miaka miwili, aonekane mdogo, atachukuliwa haraka." Msikubali. Uongo huo utamfuata. Siku atakapofika mbali, cheti cha shule kitasema hivi na cheti cha mpira kitasema vile, na atasimamishwa wakati ambapo hakuna wa kumsaidia. Na hata kabla ya hapo, tumemfundisha mtoto kwamba mama yake anaweza kumbadilishia siku ya kuzaliwa kwa ajili ya pesa.

La nne, mlinde. Mtoto anayekimbia sana anahitaji kula: bukari peke yake haitoshi, atie maharagwe, matembele, samaki hata wale wadogo. Akisema goti linauma, asipigwe kelele kwamba ni mvivu. Apumzike, na maumivu yakiendelea aonwe na mganga wa hospitali. Na kwa wasichana tunaongeza neno ambalo tunalisema wazi kwa sababu kunyamaza kumeharibu wengi. Msichana asisafiri na timu bila mwanamke mkubwa ndani ya safari. Asiitwe na kocha peke yake, nyumbani wala hotelini. Mtu akimwambia "Nafasi katika timu ina bei yake", arudi kwetu mara moja, na sisi tusimuulize kwanza alivaa nini. Tumuamini, kisha twende pamoja kwa wakubwa.

La tano, mjihadhari na mtu wa ahadi. Mama mmoja wa kikundi cha akiba alitueleza habari yake. Mtu alifika nyumbani na simu nzuri na picha za viwanja. Akasema kijana wa miaka 15 atacheza Ulaya. Zinatakiwa dola 300 tu za karatasi. Mama akauliza: "Timu gani?" Akajibiwa kwamba jina litakuja baadaye. Akauliza: "Mkataba uko wapi?" Nao utakuja baadaye. Mama akamwambia: "Basi, baba, na pesa nazo zitakuja baadaye." Yule mtu hakurudi tena.

Mama huyo alifanya vema kuliko alivyojua. Kanuni za FIFA, shirika la mpira wa miguu la dunia, zinakataza mchezaji asiyetimiza miaka 18 kuhamishwa kwenda timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wenyewe wakihamia huko kwa kazi isiyohusu mpira. Wakala wa kweli wa wachezaji ana leseni ya FIFA, na hawezi kumfuata mtoto bila kibali cha mzazi kilichoandikwa. Faida yake inatoka katika mkataba baada ya kazi kupatikana. Anayeanza kwa kuomba mbuzi wako anatafuta mbuzi. Na katika historia ya mpira wa Afrika wako vijana wengi walioachwa katika miji ya mbali bila pasi, bila pesa na bila lugha, na mama zao wanasubiri simu.

Neno kwa vikundi

Juma hili, katika mkutano wa kikundi chenu, kabla ya kugawa likelemba, tunaomba mzungumze maulizo haya:

Katika nyumba zetu, nani anapata saa ya kucheza, na nani hapati? Kwa nini?

Watoto wangapi wa kikundi chetu hawana cheti cha kuzaliwa? Andikeni majina yao, kisha mchague mama mmoja anayejua kusoma aende nao ofisini.

Kocha anayefundisha watoto wetu ni nani? Tumekwisha kumwona uso kwa uso?

Mtoto akituuliza "Nikiwa mchezaji, nitakujengea nini?", tutamjibu nini?

Ulizo hilo la mwisho tuliliweka kalasini. Wavulana walijibu haraka: nyumba ya ghorofa, motokaa. Msichana mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema angenunua pampu ya maji ya mtaa, ili wadogo zake wapate saa ya kucheza. Hatukumwambia kwamba ni ndogo ama ni kubwa. Tulimpa chaki, tukamwambia ahesabu ubaoni pampu ile itagharimu pesa ngapi, kwa dola na kwa franka, na wengine wote wakahesabu pamoja naye.

Andikeni majibu yenu, mmpe mjumbe wa kikundi. Tutayasoma na kuyajibu juma lijalo, na tutazungumza juu ya watoto wanaouza sokoni saa za shule. Mbaki salama, mama, na msalimie watoto.